Saa za nani? Namna ya kutafiti afya na usalama wa wafanyakazi wa apu

Ukiambiwa kwamba madereva 23 kati ya 200 waliumia ndani ya wiki nne, bado hujajua kama kazi yao ni ya hatari kiasi gani. Waliumia ndani ya saa ngapi za kazi? Kiwandani jibu lipo kwenye daftari la mahudhurio. Kwa mtu anayepokea oda kwa simu, saa zake hazijaandikwa popote kwa namna inayokufaa, na kampuni ya jukwaa, yaani yenye apu hiyo, inayoziandika ina sababu zake za kuhesabu chache. Tafiti nyingi za eneo hili huharibikia hapo, kabla hata dodoso halijachapwa. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia nani wa kumhoji hadi fomula ya mwisho, upime kwa swali moja: saa za nani zinahesabiwa, na za nani zinaachwa?

Andika kwa sentensi moja unamtafiti nani

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2021 iligawa majukwaa makundi mawili. Kuna kazi inayofanyika mahali fulani, kama kuendesha abiria, kupeleka mizigo, kufanya usafi au kutunza wagonjwa majumbani, na kuna kazi inayofanyika mtandaoni, kama kuweka lebo kwenye picha, kutafsiri au kuchuja maudhui machafu. Kundi la kwanza hugongwa na magari, huanguka ngazini, huungua na jua na hushambuliwa na wateja. La pili huumwa shingo na macho, hukosa usingizi, na wanaochuja maudhui hubeba picha za ukatili vichwani mwao hadi nyumbani. Usiyachanganye kwenye hesabu moja ya majeraha. Unaweza kuyalinganisha kwenye msongo wa mawazo na usingizi, basi.

Sentensi ya vigezo iwe kali kiasi hiki: "Mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi aliyekamilisha angalau oda moja kupitia jukwaa lolote ndani ya miezi 12 iliyopita, kwa akaunti yake au ya mtu mwingine." Maneno manne ya mwisho yana uzito. Akaunti hukodishwa, hasa na wasioweza kusajiliwa kwa jina lao, na mara nyingi hao ndio wenye hali ngumu kuliko wote. Data ya kampuni huhesabu akaunti. Wewe unahesabu watu.

Miezi 12 nayo ina sababu. Ukiweka kigezo cha "anayefanya kazi sasa", aliyevunjika mguu miezi mitatu iliyopita hayumo, na aliyefungiwa akaunti baada ya ajali hayumo. Wanaobaki ni wazima, na kazi itaonekana salama kuliko ilivyo. Tatizo hili lipo katika tafiti zote za afya kazini, lakini hapa limezidi kwa sababu kuacha kazi hakuhitaji barua wala notisi: mtu anazima simu tu. Tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya kuwatafuta walioacha, na uwaulize wenzao waziwazi: "Ni nani mliyekuwa naye hapa ambaye siku hizi hayupo? Nini kilimpata?"

Vunja oda moja vipande

Mfuate mwendesha pikipiki mmoja kwa macho. Amekaa juu ya pikipiki, apu iko wazi, hana oda. Hicho ni kipindi cha kwanza, kusubiri. Simu inalia. Ana sekunde chache za kukubali, na mara nyingi wakati huo yuko barabarani tayari, kwa hiyo anaachia mkono mmoja na kuinamisha macho. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde 2 za kutazama skrini ni mita 28 alizokwenda bila kuona mbele. Kipindi cha pili ni kwenda kuchukua mzigo, cha tatu ni kuusubiri kaunta huku dakika zikimkimbia, cha nne kuupeleka, cha tano kupanda ngazi hadi mlangoni na kushuka, na cha sita ni kurudi pale oda zinapopatikana, safari isiyo na malipo.

Kila kipindi kina hatari yake. Kwenye dodoso, kila jeraha lipewe namba ya kipindi, 1 hadi 6, na saa zako zigawanywe hivyohivyo. Usipofanya hivyo hutaweza kusema kama tatizo ni mwendo wa kupeleka, macho kwenye skrini au ngazi zenye giza, na mapendekezo yako yataishia kwenye "madereva wapewe mafunzo".

Sasa tazama asili ya sehemu, yaani namba ya chini unayogawanya nayo, inavyobadili jibu. Tuchukue mfano wa kufikirika wa wale 200: wastani wa saa 46 kwa wiki, wiki 4, jumla saa 36,800. Majeraha 23 yakigawanywa kwa saa hizo yanatoa 62.5 kwa kila saa 100,000. Ukihesabu muda wenye oda peke yake, tuseme asilimia 60, saa zinabaki 22,080 na, ukibakiza majeraha yote 23, kiwango kinapanda hadi 104.2. Hakuna aliyeumia zaidi kati ya sentensi hizo mbili. Toa namba zote mbili kila mara, na kwenye hesabu ya pili ondoa majeraha ya kipindi cha kwanza na cha sita juu ya mstari pia, maana ukiondoa saa zake chini ukabakiza majeraha yake juu umedanganya bila kukusudia. Anayelinganisha madereva hawa na wa kampuni ya mabasi atumie saa zote, kwa sababu dereva wa basi naye huhesabiwa akiwa kituoni. Kwa wanaobisha kwamba kusubiri si kazi: Mahakama ya Juu ya Uingereza, tarehe 19 Februari 2021, katika kesi ya madereva dhidi ya Uber, ilikubali kwamba dereva yuko kazini anapokuwa ndani ya eneo lake, apu imewashwa, na yuko tayari kupokea safari.

Kosa lingine la saa ni kujumlisha apu. Mtu aliyewasha apu mbili kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni amefanya kazi saa 6. Ukijumlisha taarifa za apu zote mbili utapata 12, na kiwango chako cha majeraha kitashuka nusu. Orodhesha saa ya kuwasha na ya kuzima kwa kila apu, kisha hesabu dakika ambazo angalau apu moja ilikuwa hewani.

Vyanzo vya saa viko vitatu na kila kimoja kina ulemavu wake. Picha ya skrini ya muhtasari wa wiki ni sahihi kwa fedha na oda, lakini huenda isionyeshe muda wa kusubiri. Shajara ya siku 7 hunasa kusubiri, ila ubora wake hushuka baada ya siku ya tatu. Piga simu siku ya 3 na ya 5. Ufuatiliaji wa GPS hunasa mwendo, ila haujui kama mtu yuko kazini au anampeleka mtoto shule. Chukua picha za skrini kwa wote, shajara kwa wote, na GPS kwa kikundi kidogo cha kusahihishia vile viwili.

Kuwapata watu wasio na orodha

Huna orodha ya kuchotea sampuli, na kampuni haitakupa. Ikikupa, soma masharti ya kuchapisha kabla ya kushukuru.

Kwa watu wanaojuana, njia inayofanya kazi vizuri ni sampuli inayoendeshwa na wahojiwa wenyewe, iliyoelezwa na Douglas Heckathorn mwaka 1997. Chagua mbegu, yaani wahojiwa wa kwanza, 6 hadi 10 zinazotofautiana kweli: wanawake na wanaume, baiskeli na pikipiki, zamu ya usiku na ya mchana, wageni na wenyeji, waliokodi akaunti na wenye zao. Kila mmoja akishahojiwa apewe kuponi 3, zisizozidi, kila moja na namba yake ya pekee na tarehe ya mwisho siku 14 mbele. Anayeileta anahojiwa, naye anapewa 3. Endelea hadi mgawanyo wa jinsia, chombo na zamu uache kuyumba kutoka wimbi moja la kuponi hadi jingine.

Swali moja likikosewa njia nzima inaanguka: "Ni watu wangapi wanaofanya kazi ya apu unaowajua kwa jina, nao wanakujua, na mliowasiliana nao ndani ya siku 14 zilizopita?" Jibu hilo ndilo uzito wake. Mwenye wenzake 50 ana njia nyingi za kufikiwa, hivyo anapewa uzito wa 1/50. Mwenye 5 anapewa 1/5. Watu hupenda kujibu 10, 20, 50, 100. Mdadisi amsaidie mhojiwa kuhesabu kijiwe kwa kijiwe na kundi la simu kwa kundi la simu, na akijibu sifuri aulizwe aliyempa kuponi alimjuaje.

Mambo huharibika hivi: kuponi huuzwa, mtu mmoja hurudi mara mbili kwa majina mawili, na mnyororo hunaswa ndani ya kijiwe kimoja. Dawa ya la kwanza ni zawadi isiyozidi malipo halisi ya muda uliotumika. La pili linahitaji msimbo wa siri unaotengenezwa kwa majibu yasiyobadilika, kwa mfano herufi mbili za mwanzo za jina la mama na siku ya kuzaliwa. La tatu huonekana mapema ukichora mnyororo kila jioni. Ukiona mawimbi manne yamebaki palepale, ongeza mbegu upande wa pili.

Ukiamua kuhoji vijiweni pa kusubiria, kumbuka unayemkuta sana ni yule anayesubiri sana. Mwenye oda mfululizo hupita kama upepo, na huenda ndiye aliyechoka kuliko wote. Muulize kila mtu hukaa hapo saa ngapi kwa wiki, kisha umpe uzito wa kinyume chake.

Wanaofanya usafi majumbani na wa mtandaoni mara nyingi hawajuani, hivyo kuponi hazifiki popote. Kwa wa mtandaoni unaweza kuweka dodoso kama kazi ya kulipwa kwenye jukwaa lenyewe, lakini usiiachilie yote kwa mara moja: itamalizwa na walio macho saa hiyo. Igawe mafungu, mathalani 24, uyatoe kwa saa tofauti za mchana na usiku kwa siku saba, ama sivyo utafiti wako wa usingizi utakosa hasa wale wasiolala.

Ukubwa wa sampuli nao hukosewa. Fomula ya kawaida hutoa watu 384 ukikadiria kwamba asilimia 50 wana tatizo unalolipima na ukikubali kosa la pointi 5 za asilimia. Kwa sampuli ya kuponi zidisha angalau kwa 2, upate 768. Kwa kiwango cha majeraha, hata hivyo, kinachokupa uhakika ni idadi ya matukio: ukitaka kosa la takriban asilimia 20 juu na chini unahitaji majeraha 96 hivi, kwa asilimia 30 yanatosha 43. Kwa kiwango cha mfano wetu, majeraha 96 yanahitaji saa 153,600, yaani watu 835 kwa wiki 4 au watu 210 wanaofuatiliwa wiki 16. Chagua wachache kwa muda mrefu. Wale 23 wa mwanzo wangekupa mipaka ya uhakika wa asilimia 95 kuanzia 40 hadi 94 kwa kila saa 100,000, upana usiomsaidia mtu kuamua lolote.

Maswali yanayofanya kazi

Usianze na neno "ajali". Wengi wakilisikia huwaza kugongana barabarani, na kuumwa na mbwa getini, kuteleza ngazini, kuchomwa na mzigo wa moto, kupigwa na mteja au kuporwa simu yote hayatajwi. Soma orodha, kimoja baada ya kingine, ndiyo au hapana. Kisha uliza hivi:

"Tangu [tajia tarehe, wiki 4 zilizopita] hadi jana, uliumia popote mwilini ukiwa na apu imewashwa, au ukienda au ukitoka kwenye oda, hata kama hukwenda hospitali?"

Muda wa kukumbuka ni mtego. Majeraha madogo husahaulika haraka. Ukiuliza miezi 12 utapata makubwa tu. Uliza wiki 4 kwa majeraha yote, na miezi 12 kwa yaliyolaza mtu hospitali au kuvunja mfupa. Usijumlishe majibu ya maswali hayo mawili.

Uzito wa jeraha ndipo viwango vya kimataifa vinapowaacha wafanyakazi hawa nje. Azimio la wanatakwimu wa kazi lililopitishwa chini ya ILO mwaka 1998 hupima ulemavu wa muda kwa siku ambazo mtu alishindwa kufanya kazi, bila kuhesabu siku ya ajali. Mtu asiye na likizo ya ugonjwa hurudi kesho yake na kifundo kilichovimba, na kwa kipimo hicho hakuumia. Ongeza maswali mawili: "Ni siku ngapi ulifanya kazi ukiwa na maumivu ya jeraha hilo?" na "Kama ungelipwa ukiwa nyumbani, ungekaa siku ngapi?" Tofauti kati ya jibu la pili na siku halisi alizokaa ndiyo gharama ya kukosa likizo, na inastahili jedwali lake.

Angalia pia vifo. Azimio hilo huhesabu kifo kilichotokea ndani ya mwaka mmoja wa ajali ya kazini, ilhali takwimu za barabarani kwa kawaida hukomea siku 30. Ukichukua vifo vya polisi ukavilinganisha na vya viwandani bila kusema hivyo, umelinganisha vitu viwili tofauti.

Kwa mwili, dodoso la Nordic la mwaka 1987 hugawa mwili sehemu 9 na kuuliza maumivu ya miezi 12 na ya siku 7. Kwa usingizi tumia kipimo cha Pittsburgh; kwa kusinzia papo kwa papo, ngazi ya Karolinska ya 1 hadi 9. Kwa hali ya akili na hisia, WHO-5, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni maswali matano tu: jumla yake, 0 hadi 25, huzidishwa kwa 4, na 50 au chini ni ishara ya kufuatilia. PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, huenda hadi 27 na 10 ndiyo alama inayotumika kutenga wenye dalili, lakini swali lake la tisa linahusu mawazo ya kujiua. Usiliulize hadi uwe na jina la mtaalamu anayepokea wito siku hiyohiyo na maelekezo yaliyoandikwa ya mdadisi afanye nini. Kwenye dodoso la mtandaoni lisilo na jina, tumia WHO-5.

Shinikizo la algoriti, yaani programu inayogawa oda na bonasi, usilipime kwa "Je, unahisi shinikizo?" Uliza matukio: ndani ya siku 7 zilizopita alikataa oda ngapi, nini kilifuata saa moja baadaye, alipewa dakika ngapi kufika na alizitumia ngapi, bonasi ilihitaji oda ngapi na alibakisha ngapi alipozima simu. Anayekimbiza oda mbili za mwisho usiku yuko katika hatari ya aina yake, na takwimu za wastani wa saa kwa siku hazitamwonyesha. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2024/2831, ambalo nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuliingiza kwenye sheria zao, linataka majukwaa yapime hatari ambazo mifumo hii huleta kwa wenye ajira: ajali, msongo, na mkao wa mwili. Swali lililoandikwa kwa matukio na dakika linaweza kutumiwa hapo; la hisia ni vigumu.

Kabla ya kwenda uwanjani, keti na watu 8 hadi 12, mmoja mmoja, na baada ya kila swali waambie: "Nieleze kwa maneno yako nimekuuliza nini." Hapo ndipo utagundua kwamba kwa wengine "siku ya kazi" huisha usiku wa manane na kwa wengine huisha betri ikizima.

Joto, mtikisiko, hewa

Joto ndilo linalopimwa vibaya zaidi. Namba ya kituo cha hali ya hewa haitoshi, kwani kituo kiko juu ya nyasi na mwenye pikipiki yuko juu ya lami. Tumia faharisi ya WBGT, inayounganisha joto la hewa, unyevu, upepo na jua, iliyo kwenye kiwango cha ISO 7243. Nje juani ni 0.7 ya joto la utambi wenye maji unaopigwa na upepo wa asili, jumlisha 0.2 ya joto la tufe jeusi, jumlisha 0.1 ya joto la hewa. Utambi ukisoma 26, tufe 42 na hewa 32, unapata 18.2 + 8.4 + 3.2 = 29.8 °C. Tufe la kawaida la sentimita 15 linahitaji kama dakika 20 hadi 25 kutulia. Anayesoma baada ya dakika 5 huandika joto la chini kuliko lilivyo. Maji ya utambi yawe yaliyochujwa chumvi, na utambi ubadilishwe ukigeuka rangi. Pima kijiweni, pima barabarani penye foleni, kila saa moja. Ukimpa dereva kipimajoto cha mfukoni utapima joto la mfuko wake.

Mtikisiko wa mwili mzima hupimwa kwa kihisi kilichowekwa kwenye kiti chini ya makalio, si kwenye fremu. Kwa siku ya saa 8 sheria ya Ulaya ya mwaka 2002 ilipanga kiwango cha kuchukua hatua kuwa 0.5 m/s² na ukomo 1.15. Vihisi vya bei nafuu vya vumbi laini husoma juu kupita kiasi unyevu unapozidi, kwa hiyo viweke karibu na kituo rasmi kwa wiki moja kabla na wiki moja baada, ukokotoe marekebisho.

Jambo moja lisivunjwe: ujumbe wa dodoso usilie wakati mtu anaendesha. Weka sharti kwenye programu kwamba swali litumwe baada tu ya kusimama dakika 5 mfululizo bila oda. Utafiti wa usalama unaomfanya mtu atazame simu barabarani unazalisha kile unachokipima.

Kupata sababu, si uhusiano tu

Waliopigania bonasi waliumia zaidi. Pengine ni kwa sababu bonasi hutolewa siku za mvua na saa za foleni. Pengine waliumia kwanza, wakaingia deni, ndipo wakaongeza saa. Dodoso la siku moja halitenganishi hayo.

Muundo unaofaa sana hapa ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, ulioelezwa na Malcolm Maclure mwaka 1991. Mwaka 1997 Redelmeier na Tibshirani waliutumia kwa madereva na simu, wakaona hatari ya kugongana ikiwa karibu mara nne mtu akiwa kwenye simu. Chukua dakika 10 kabla ya jeraha; tazama kama bonasi ilikuwa hai, kama oda ilichelewa, kama alikuwa saa ya ngapi ya kazi. Kisha chukua dakika 10 za saa ileile wiki iliyotangulia na wiki mbili nyuma. Umri, uzoefu na tabia yake ni vilevile, vimejifuta. Kosa linaloua muundo huu ni kuchagua vipindi vya kulinganisha ambavyo mtu alikuwa amelala nyumbani. Vipindi vyote viwe vya barabarani, na uandike mvua ya kila kimoja.

Jukwaa likibadilisha ghafla mfumo wa malipo katika eneo moja na si jingine, hilo ni jaribio la bure. Ili ulitumie lazima uwe na kumbukumbu: kila wiki hifadhi picha za skrini za masharti, namba ya toleo la apu na tarehe. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka.

Kwa majeraha yasiyoripotiwa, linganisha orodha mbili. Tuseme polisi wana majeraha 80, utafiti wako una 120, na 30 yapo kwenye orodha zote mbili. Fomula ya Chapman, inayokadiria jumla ya majeraha yote: (81 × 121) ÷ 31, toa 1, sawa na takriban 315. Orodha mbili zikiunganishwa zina majeraha 170 tu, kwa hiyo karibu nusu hayakuonekana na yeyote. Hesabu hii hudai orodha zisitegemeane. Kama wahojiwa wako uliwapata kupitia polisi, 315 haina maana.

Kulinda waliokuamini

Aliyekuambia kwamba amekodi akaunti anaweza kupoteza kazi kwa sentensi hiyo. Usiandike namba ya akaunti kabisa. Picha za skrini zikatwe jina, picha na namba ya oda mbele ya mhojiwa mwenyewe, kabla hazijatoka kwenye simu yake. Ridhaa ya maandishi yenye sahihi inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee inayomtambulisha. Iombe kamati ya maadili ikubali ya mdomo, iliyoshuhudiwa na mdadisi.

Kuhusu GPS, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na de Montjoye na wenzake, kwa data ya simu za watu milioni 1.5, ulionyesha kwamba pointi nne za mahali na wakati zilitosha kumtenga mtu mmoja katika asilimia 95 ya visa. Kufuta jina, basi, si kuficha. Kata mita 300 za mwanzo na za mwisho za kila siku, kwa sababu hapo ndipo nyumbani, hamisha tarehe za kila mtu kwa idadi ya siku ya nasibu yenye kugawanyika kwa 7 ili siku ya wiki ibaki, na chapisha majedwali bila njia zenyewe. Kama unahitaji hali ya hewa ya siku hiyo, iunganishe kabla ya kuhamisha tarehe. Katika nchi zilizo chini ya sheria ya data ya Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, mfanyakazi anaweza kuiomba kampuni nakala ya data yake na kwa kawaida ijibu ndani ya mwezi mmoja; msaidie kuandika ombi, lakini data ije kwake kwanza, naye aamue akupe ipi.

Malipo ya mhojiwa yawe sawa na kipato chake halisi kwa muda aliotoa, baada ya mafuta, na apewe hata akiacha katikati. Kabla ya kuchapisha, rudi vijiweni ulikochukua data na jedwali la vipindi sita kwenye ukurasa mmoja, uwaulize wapi pamekaa vibaya; wao ndio watakaokuambia kwamba majeraha ya kipindi cha tano yanatoka kwenye majengo yaleyale matatu. Rekebisha, chapisha, kisha futa faili inayounganisha misimbo na namba za simu, pamoja na nakala zake kwenye simu za wadadisi, na uandike tarehe ya kufuta kwenye ripoti.